Mfumo wa gia wa baiskeli ya zamani ya milimani: nianzie wapi?

Msafiri wa Miritini

Salaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa wanaoendesha baiskeli hapa Mombasa, kwa sababu nimewauliza watu watatu na kila mmoja amenipa jibu lisilopatana na la mwenzake.

Nina baiskeli ya milimani ya inchi 26 niliyoinunua ya mtumba miaka sita iliyopita. Fremu yake ni ya alumini, haina ufa popote, na breki zake ni zile za kubana rimu. Mbele ina sproketi tatu za meno 42, 34 na 24, na nyuma ina gia saba, ndogo kabisa ikiwa na meno 14 na kubwa kabisa 28. Siku za kazi hutoka nayo Miritini alfajiri, nikapita Changamwe na Makupa hadi mjini, kisha nikarudi jioni. Jumamosi nikipata nafasi huvuka feri ya Likoni, nikashika njia ya Kombani na kupanda hadi Kwale. Uzito wangu ni kilo 92, na siku za kazi hubeba mkoba mzito juu ya keria ya nyuma.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba mnyororo unaruka nikikanyaga pedali kwa nguvu. Mwezi uliopita nilinunua mnyororo mpya nikidhani ndio dawa, lakini hali imekuwa mbaya zaidi, hasa kwenye gia za katikati ambazo ndizo nizitumiazo kila siku. La pili ni kwamba gia yangu nyepesi kabisa hainitoshi kupanda Kwale. Nikifika sehemu za mwinuko mkali hulazimika kushuka na kuisukuma, na jambo hilo linaniuma kwa sababu mapafu bado yanataka ila magoti ndiyo yanayokataa.

Rafiki yangu amenishauri niondoe kila kitu niweke sproketi moja mbele na gia 12 nyuma, kama zilivyo baiskeli mpya. Muuzaji mmoja wa vipuri ameniambia ninunue gia za nyuma kama zile zile zilizopo. Wa tatu amesema baiskeli ya inchi 26 haistahili tena kutiliwa fedha. Akiba yangu ni shilingi 15,000, na baiskeli hii naipenda, kwa hiyo sitaki kuitupa wala kuitilia fedha kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Fundi wa Majengo

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na mnyororo, kwa sababu hapo ndipo fedha yako ya mwezi uliopita ilipopotelea.

Mnyororo haurefuki kwa kuvutika kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yanayozishika, kila pingili ikapata ulegevu mdogo usioonekana kwa macho, na ulegevu huo ukijumlishwa mnyororo mzima unakuwa mrefu kuliko ulivyotoka kiwandani. Ukisharefuka, unaanza kupanda juu ya meno na kuyachonga yafuate kipimo chake. Gia zako za katikati zimechongwa na mnyororo wa zamani kwa miaka sita. Ulipoleta mnyororo mpya ambao umbali wa pini hadi pini ni nusu inchi kamili, haukupata pa kukaa, na ukikanyaga kwa nguvu unateleza juu ya meno. Ndiyo maana mpya unaruka zaidi ya mkuukuu. Aliyekuuzia mnyororo bila kwanza kuyatazama meno hakukutendea haki.

Kama ule wa zamani bado unao, uninginize kwenye msumari, uweke rula ya inchi juu yake na uilinganishe sifuri na katikati ya pini moja. Inchi ya 12 inatakiwa iangukie katikati ya pini nyingine bila kukosea. Pini ikiwa imepita alama kwa sehemu ya 16 ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, ulikuwa wakati wa kubadilisha mnyororo peke yake. Ikiwa imepita kwa sehemu ya nane, yaani milimita tatu, gia za nyuma nazo zimekwenda pamoja nao.

Sasa swali lako la msingi. Wote watatu uliowauliza wamezungumzia idadi ya gia, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza una habu ya aina gani, ilhali habu ya gurudumu la nyuma, yaani kitovu chake kinachoshika spoku na ekseli, ndiyo inayoamua mengine yote. Baiskeli nyingi za zamani za gia saba zina friwili, ambayo ni kitu kimoja chenye meno na utaratibu wa kuzunguka huru ndani yake, nayo hufungwa kwa nyuzi za skrubu juu ya habu. Nyingine zina kaseti, ambayo ni gia tupu zinazovishwa juu ya ngoma yenye mifereji. Utaratibu wa kuzunguka huru uko ndani ya ngoma hiyo, na ngoma ni sehemu ya habu yenyewe. Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, waliuleta mfumo huo wa pili mwaka 1978, na leo karibu kila kifaa kizuri cha nyuma hutengenezwa kwa ajili yake.

Kuzitambua ni kazi ya dakika tano. Litoe gurudumu, lishike wima, kisha zungusha gia kinyumenyume huku ukikazia macho mahali pa kuingizia ufunguo karibu na ekseli. Mahali hapo pakizunguka pamoja na gia, una kaseti. Pakibaki pametulia ilhali gia zinazunguka, una friwili.

Gurudumu likiwa bado liko nje, nipimie mambo mengine matatu: umbali wa ndani kati ya masikio mawili ya fremu yanayoshika ekseli, idadi ya spoku, na kama ekseli imenyooka. Ekseli ya habu ya friwili ina udhaifu wake. Goroli za upande wa mnyororo zimekaa ndani sana, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila kushikiliwa, na mtu wa kilo 92 mwenye mzigo kwenye keria huikunja bila kujua. Kwenye habu ya kaseti, goroli za upande huo zimesogezwa nje hadi mwisho wa ngoma, na ekseli inabeba mzigo vizuri zaidi.

Kuhusu gia 12, rafiki yako ana nia njema, lakini gia 12 za Shimano za milimani, tangu zilipoanza na vifaa vyao viitwavyo XTR mwaka 2018, zinataka ngoma ya umbo jingine kabisa liitwalo Micro Spline. Washindani wao SRAM wanazo kaseti za bei nafuu za gia 12, zenye meno 11 hadi 50, zinazokaa kwenye ngoma ya kawaida, ila hizo nazo hazivishwi juu ya friwili. Isitoshe, mnyororo wa gia 12 ni mwembamba na ghali, na chumvi ya hapa haichagui cha bei ghali na cha bei rahisi.

Mpanda Mlima wa Kwale

Fundi ameeleza kwa ufasaha, nami nataka kuongezea yaliyonipata, kwa sababu mlima unaokushinda wewe, kaka, mimi naupanda kila jioni nikirudi kutoka Ukunda.

Baiskeli yangu ilikuwa kama yako, inchi 26 na gia 21, isipokuwa mwenye nayo wa kwanza alikuwa amekwisha kuiwekea gurudumu lenye habu ya kaseti. Mwaka juzi niliiwekea mfumo wa microSHIFT Advent, ambao mbele una sproketi moja na nyuma gia tisa, kaseti yake ikiwa na meno 11 hadi 42. Mbele niliweka sproketi ya meno 32 ya aina ambayo jino moja ni jembamba na linalofuata ni nene, ili mnyororo usitoke kwenye njia ya mawe. Dereila ya mfumo huo, yaani kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, ina klachi inayouzuia mnyororo usipigepige, na liva ya gia iko upande wa kulia tu. Mkono wa kushoto umepumzika kabisa.

Watu husikia kwamba nimetoka gia 21 nikaenda gia tisa, wakanihurumia. Naomba upige hesabu mwenyewe. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, utapata idadi ya mizunguko ya gurudumu kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Gia yako nzito kabisa ni 42 kwa 14, yaani mizunguko mitatu; yangu ni 32 kwa 11, yaani 2.91. Tukikanyaga pedali mizunguko 80 kwa dakika katika barabara tambarare, wewe unakwenda karibu kilomita 30 kwa saa, nami naingia kwenye 29. Gia yako nyepesi kabisa ni 24 kwa 28, yaani 0.86, na yangu ni 32 kwa 42, yaani 0.76. Kwa hiyo kwa mwendo tunakaribiana, na mlimani mimi ndiye mwenye nafuu. Zile 21 zako nyingi ni za kurudiwa: 42 kwa 28 ni 1.5, na ukishuka kwenye sproketi ndogo ya mbele, 24 kwa 16 ni 1.5 hiyo hiyo.

Sitakuficha gharama zilizonishtua. Sproketi zangu za mbele zilikuwa zimefungwa kwa ribiti, haziwezi kutolewa moja moja, ikabidi ninunue kranki nzima, yaani mikono ya pedali pamoja na sproketi zake. Tulipozitoa tukakuta beringi za katikati ya fremu nazo zimekufa, na kuzifungua kulikuwa vita. Fundi mmoja aliikaza ile ya kulia kwa karibu nusu saa akidhani anaifungua, kwa sababu hakujua kwamba upande wa mnyororo una nyuzi za kinyume na hufunguliwa kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Kidogo fremu ingeharibika mbele ya macho yangu. Ukimpelekea mtu kazi hiyo, mwulize hilo kabla hajashika spana.

Hata hivyo, ushauri wangu ni uende huko huko kwenye sproketi moja na gia tisa. Usichanganye vifaa lakini: liva na dereila ya Advent huvuta waya kwa kipimo chao, na liva ya kampuni nyingine haitaelewana nayo.

Fundi wa Majengo

Dada yangu, hesabu yako ni sahihi na kazi yako ni nzuri, lakini naomba tutofautiane kidogo kwa ajili ya akiba ya huyu ndugu yetu. Wewe ulianza ukiwa na gurudumu la kaseti. Yeye akiwa na friwili, itambidi anunue gurudumu, kaseti, dereila, liva, kranki na sproketi kwa mkupuo mmoja, na shilingi 15,000 hazitafika mwisho wa orodha hiyo. Atabaki na baiskeli iliyofumuliwa nusu, imelala chini ya ngazi huku yeye akipanda matatu.

Ipo njia nyingine. Friwili za gia saba zenye meno 14 hadi 34 zinatengenezwa, na zinafunguka na kufungwa kwenye habu ile ile aliyonayo. Akiweka hiyo, gia yake nyepesi itakuwa 24 kwa 34, yaani 0.71, ambayo ni nyepesi hata kuliko yako ya 0.76. Liva zinabaki, kranki inabaki, na mnyororo mpya aliokwisha kuununua unabaki. Anachotakiwa kuhakikisha ni kwamba dereila yake ya nyuma ni ya mguu mrefu, inayoweza kufika jino la 34 na kuukunja mnyororo uliolegea, kwa sababu tofauti ya meno mbele ni 18 na nyuma ni 20, jumla 38. Dereila nyingi zinazokuja na sproketi tatu za mbele ni za mguu mrefu.

Nitabadilisha maneno yangu tu ikiwa ekseli imekunjika. Tusubiri vipimo.

Msafiri wa Miritini

Shukrani nyingi, fundi, na wewe dada. Jana usiku nilililaza gurudumu juu ya meza na kufanya kama mlivyonielekeza.

Nilipozungusha gia kinyumenyume, ile sehemu ya ndani yenye mikato ya kuingizia ufunguo haikusogea hata kidogo. Ni friwili. Umbali kati ya masikio ya fremu ni milimita 135. Spoku ni 36. Mnyororo wa zamani niliuninginiza kwenye msumari wa kalenda. Pini imepita alama ya inchi 12 kwa milimita tatu na nusu, na nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini. Nilipoyatazama meno ya gia ya tatu na ya nne kwa tochi ya simu, nikaona yamelala upande mmoja kama mapezi ya papa, ilhali ya gia kubwa ya mwisho bado yana vichwa bapa.

La kusikitisha ni ekseli. Niliizungusha kwa vidole nikiwa nimeweka ncha ya penseli karibu na mwisho wake upande wa gia, na kila ilipozunguka iliigusa penseli na kuiacha, ikaigusa na kuiacha. Nikakumbuka kwamba tangu mwaka jana breki ya nyuma imekuwa ikigusa rimu upande mmoja, na nimekuwa nikiilegeza nikidhani rimu ndiyo yenye kasoro.

Je, nibadilishe ekseli peke yake na kufuata njia ya friwili ya meno 34?

Fundi wa Majengo

Ekseli peke yake inabadilishwa, na si ghali. Lakini kwa uzito wako na mkoba wako itakunjika tena, kwa sababu tatizo ni mahali goroli zilipokaa. Kabla haijakunjika huwa inasaga vikombe vya goroli ndani ya habu, na vikombe hivyo vikishachimbika habu haifai tena. Nisingependa uilipie kazi ile ile mara mbili.

Kwa hiyo nabadilisha ushauri wangu. Nunua gurudumu la nyuma lenye habu ya kaseti. Milimita 135 ndicho kipimo cha kawaida cha baiskeli za milimani za enzi hiyo, kwa hiyo litaingia bila kuipanua fremu. Kama utapata habu nzuri peke yake yenye matundu 36, rimu yako ikiwa nzima tunaweza kuitumia tena, ila kagua ukuta wake mahali breki inapobana. Ukiwa umeingia ndani kama kisahani, rimu hiyo imekwisha. Chagua ngoma ya urefu wa gia 8, 9 na 10. Zote tatu zina urefu mmoja, na kaseti kubwa za gia 11 za milimani pia zinakaa hapo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu wengi hawalijui. Juu ya ngoma hiyo ndefu unaweza kuvisha kaseti ya gia saba ukitanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma yake, na liva zako za sasa zitafanya kazi bila kubadilishwa chochote. Shimano wanayo kaseti ya gia saba yenye meno 12 hadi 32. Gia yako nyepesi itakuwa 24 kwa 32, yaani 0.75, ambayo ni karibu sawa na ya dada yetu wa Kwale, na gia nzito itakuwa 42 kwa 12, yaani 3.5, itakayokufaa ukiwa umerudi tambarare na upepo uko mgongoni. Mnyororo wako mpya usiutupe. Mnyororo wa gia saba na wa gia nane ni wa upana mmoja, na ule bado haujalika. Fedha yako yote itaingia kwenye gurudumu, nalo ndilo litakalobaki siku utakapotaka kufuata njia ya gia tisa. Siku hiyo utaiondoa ile pete na kaseti, basi.

Mpanda Mlima wa Kwale

Hapo fundi amenishinda, na nakubali kwa moyo mmoja. Laiti ningelijua habari ya pete ningepanga ununuzi wangu kwa awamu, maana miezi miwili nilikuwa natembea kwa miguu nikisubiri kranki.

Mambo mawili tu, kaka. Unapobadilisha gia kubwa kutoka 28 kwenda 32, usikubali mnyororo ukatwe kwa kulinganishwa na urefu wa ule wa zamani. Uzungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye dereila, uvute mpaka ncha zikutane, kisha uongeze inchi moja. Mnyororo mfupi, siku utakapousahau kwenye 42 na 32, utaing'oa dereila pamoja na sikio la fremu. Na ikiwa huo uliofungwa mwezi uliopita ulikatwa mfupi, bora ulijue sasa.

La pili, kabla hujarekebisha gia, chuchumaa nyuma ya baiskeli utazame kama vigurudumu viwili vya dereila viko kwenye mstari mmoja na gia. Baiskeli za mtumba zimelazwa moja juu ya nyingine ndani ya kontena, na sikio la kushikia dereila hukunjwa huko. Likiwa limekunjika, utakaza na kulegeza waya mpaka usiku bila mafanikio.

Mvukaji wa Likoni

Nimekuwa nikisoma kimya, nanyi mmesema yote ya gia isipokuwa adui yetu mkubwa, ambaye ni chumvi. Ndugu yetu anavuka feri, na juu ya feri baiskeli husimama karibu na maji, upepo wa kusi ukipiga rasharasha juu yake. Mimi huvuka kila siku, na asubuhi moja nikisahau kuufuta mnyororo, jioni pingili zina unga wa rangi ya manjano.

Jambo linalowakosesha wengi ni maji ya kuoshea. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya magadi yenye chumvi, na mtu akiiosha baiskeli yake kwa ndoo ya maji ya kisima halafu akaiacha ikauke juani, ameipaka chumvi kwa mkono wake mwenyewe. Tumia maji matamu, hata nusu ndoo inatosha. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta kwenye kila pingili, zungusha pedali kinyumenyume mara kadhaa, kisha futa tena mpaka nje ya mnyororo pabaki pakavu; mafuta yanayohitajika ni yale yaliyoingia kwenye pini. Oili chafu ya gari usiiguse kabisa. Imejaa unga wa chuma, na ikichanganyika na mchanga wetu inakuwa msasa.

Utakapobadilisha waya za gia, omba zile zisizoshika kutu, na ubadilishe pia maganda yake. Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu hukwama vile vile, na watu huilaumu liva bure. Na gurudumu jipya likifika, kabla ya kuvisha kaseti, mwambie fundi apake grisi nyembamba juu ya ngoma. Nimewahi kuona kaseti iliyoganda juu ya ngoma mpaka ikatolewa kwa nyundo.

Msafiri wa Miritini

Narudi kutoa taarifa baada ya wiki tano, kwa sababu mlinipa muda wenu na si adabu kunyamaza.

Nilipata habu ya kaseti yenye matundu 36, rimu yangu ikakaguliwa ikaonekana bado ni nene, ikafungwa spoku mpya. Kaseti ya 12 hadi 32 niliagiza kutoka Nairobi, pete ya milimita 4.5 ikaja pamoja na habu. Mnyororo tulipoupima kwa njia ya dada tulikuta ulikatwa mfupi kwa pingili mbili, zikaongezwa. Fedha ilitosha, na zilizobaki nilinunulia waya na maganda.

Breki ya nyuma haigusi tena rimu. Jumamosi iliyopita nilitoka Kombani nikiwa kwenye 24 na 32, nikapanda pole pole huku matatu zikinipita, na nilipofika pale ambapo kila mara hushuka, sikushuka. Niliketi, magoti yakaendelea kuzunguka, na nikafika mjini Kwale nikiwa juu ya tandiko.

Limebaki jambo moja. Nikiwa kwenye sproketi ya katikati ya mbele, ile ya 34, mnyororo wakati mwingine unang'ang'ania meno ya chini na kupandishwa juu kidogo kabla ya kuachia, kwa sauti ya mkwaruzo. Kwenye 24 na 42 haufanyi hivyo. Je, ni ile ile habari ya meno kuchongwa?

Fundi wa Majengo

Ndiyo, ni ile ile. Miaka sita ya njia ya Changamwe umeiendesha kwenye 34, na mnyororo mpya haukubali kuyaachia meno yaliyolika kwa ndani. Kwanza isafishe vizuri kwa mafuta ya taa na brashi, kwa sababu uchafu mkavu nao huleta kung'ang'ania. Kisha pitisha ukucha kwenye ubavu wa kila jino. Ukikwama kwenye ukingo mkali, ukingo huo unaweza kuondolewa kwa tupa ndogo, taratibu, bila kulifupisha jino. Kama sproketi zimefungwa kwa bolti nne, tutabadilisha hiyo ya 34 peke yake. Kama ni ribiti, kama zilivyokuwa za dada yetu, ivumilie kwa tupa mpaka mwisho wa mwaka, uanze kuweka akiba ya kranki. Nipigie picha ya upande wa ndani wa kranki, nitakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.